SOMO: Namna ya kuusoma mchoro wa Caravaggio, "Kuitwa kwa Mathayo"

Wakuu, kila picha hii ya Caravaggio, mchoraji Mwitaliano, ikipandishwa humu swali ni lile lile: Mathayo ni yupi? Nimechoka kujibu vipande vipande. Naandika yote hapa, na atakayeuliza tena nitamrudisha kwenye uzi huu.

1. Soma kwanza Mathayo 9:9. Yesu anapita, anamwona mtu ameketi forodhani, anamwambia "Nifuate".

2. Hesabu watu: watano mezani, wawili wamesimama kulia. Wa nyuma ni Yesu, aliyemkinga ni Petro.

3. Tazama mavazi. Wa mezani wamevaa Kirumi cha mwaka 1600, kofia za manyoya na upanga kiunoni. Yesu na Petro wana mavazi ya kale, tena peku. Mchoraji alikusudia hivyo: Mrumi wa siku zile aione forodha ya mtaani kwake.

4. Fuata mwanga. HAPA ndipo wengi wanapopotea. Wanaona dirisha kubwa ukutani, wanaandika kwamba mwanga unaingia dirishani. Hauingii! Dirisha lile limefifia, halipitishi kitu. Mwanga unatoka kulia, juu ya kichwa cha Yesu, nje kabisa ya picha, unashuka mshazari hadi kwenye nyuso za wale wa mezani. Halafu kuna jambo ambalo simu haikuonyeshi. Mchoro huu, wenye upana wa zaidi ya mita 3, upo ukuta wa kushoto wa kikanisa cha Contarelli, ndani ya kanisa la San Luigi dei Francesi, Roma. Dirisha la kweli la kikanisa liko juu ya altare, yaani upande wa kulia wa mchoro. Caravaggio aliuelekeza mwanga wa kwenye mchoro kule kule unakotoka mwanga wa jua.
Onyo: usitumie nakala iliyoongezwa mwangaza, inaua giza, na giza ndilo linalobeba picha hii. Usikate sehemu ya juu ukidhani ni tupu. Na kama Yesu yuko kushoto, nakala yako imegeuzwa, itupe.

5. Mkono wa Yesu: ulinganishe na mkono wa Adamu aliouchora Michelangelo kwenye dari ya kikanisa cha Sistina, Vatikani. Umelegea vile vile. Kisha soma 1 Wakorintho 15:45, "Adamu wa mwisho", yaani Kristo.

6. Mathayo ni mzee mwenye ndevu anayenyoosha kidole. Wapo wataalamu wanaosema ni kijana aliyeinamia fedha mwisho wa meza, kwamba kidole kinamwelekea yeye. Sikubaliani nao: kwenye michoro mingine miwili ya kikanisa hicho, Mathayo ni mtu mzima mwenye ndevu.

MASWALI

— Mkuu, kwa hiyo Mathayo ni yupi hasa?
Hatua ya 6.

— Mimi naona mchoraji hakujua historia. Forodha ya Palestina na kofia za manyoya wapi na wapi?
Hatua ya 3. Soma kabla ya kuhukumu.

— Samahani mwalimu, mbona Petro amemziba Yesu? Mwenye habari yake ndiye kafichwa!
Swali zuri sana, dada. Eksirei zimeonyesha kuwa Petro hakuwepo mwanzoni, aliongezwa baadaye. Wengi wanamsoma kama Kanisa: mwito wa Kristo unapita kwake kumfikia mtu. Utazame mkono wake, unarudia ishara ya Yesu, ila kwa udhaifu zaidi. Na Yesu hakupotea. Uso na mkono wake vimeshika mwanga, na juu ya kichwa kuna mstari mwembamba wa mwanga, alama ya utakatifu. Ukuze picha, utauona.

— Nakuja Roma kikazi. Kiingilio bei gani?
Hakuna kiingilio, ni kanisa. Beba sarafu: kuna kisanduku, ukitumbukiza taa inawaka kwa muda mfupi. Ukiweza, subiri izimike, uangalie pia bila taa.

— Nyongeza kwa mkuu hapo juu: tembea kidogo hadi kanisa la Sant'Agostino, kuna Bikira Maria na mahujaji wawili, mmoja ana miguu michafu, kazi ya huyu huyu. Kanisa la Santa Maria del Popolo kuna Paulo ameanguka chini ya farasi, na Petro akisulubiwa.
Asante, ndugu. Ya Paulo itazame kwa hatua ya 4, utaona farasi kapewa mwanga mwingi kuliko mtume.