Kabla ya Kupanda Paani: Antena ya Zamani Inapoanza Kusumbua

Kabla hujaenda kumwomba jirani ngazi, kaa kwanza mbele ya runinga na rimoti mkononi. Zamani antena ikiharibika tulijua kwa chenga: picha inafifia, mtangazaji anaota kivuli, lakini sauti unaisikia na mechi unaimaliza hivyo hivyo. Tangu mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa, Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012 na miji mingine kufuatia mwaka 2013, mambo yamebadilika. Mawimbi ya dijitali yakipungua kidogo, huoni tofauti yoyote. Yakishuka chini ya kiwango, picha inakatika vipande, inaganda, kisha kioo kinabaki cheusi. Kwa hiyo antena iliyokufa jana usiku huenda imekuwa ikiugua miaka mitatu na hukujua.

Fungua menyu ya king'amuzi, utafute ukurasa wenye mistari miwili, mmoja wa nguvu ya mawimbi na mwingine wa ubora wake. Yote miwili ikiwa sifuri, shuku kebo iliyokatika au kichwa cha kebo kilichochomoka. Nguvu ikiwa kubwa na ubora mdogo, mara nyingi antena imegeuka upande, au mawimbi yanagonga jengo refu jipya na kukufikia mara mbili, au kuna busta, kile kifaa cha kukuza mawimbi, inayokuza kupita kiasi. Mistari ikipanda na kushuka upepo unapovuma, kuna kitu kimelegea. Andika namba unazoziona kwenye karatasi, maana baada ya kazi utataka kulinganisha.

Waulize na majirani wanaotumia antena kama yako. Kama na wao wamekatikiwa, tatizo liko kwenye mtambo wa kurushia matangazo, nawe huna cha kufanya ila kusubiri. Angalia pia kama kifurushi hakijaisha. Mtu aliyenunua runinga iliyotumika kutoka nje ahakikishe inasoma DVB-T2, mfumo tunaoutumia Tanzania na wenzetu wa Kenya. Runinga inayosoma DVB-T peke yake, yaani mfumo wa dijitali uliotangulia, haitakuonyesha kitu hata ukiiwekea antena ndefu kama mnazi.

Baada ya hapo shughulika na kebo, tena kwa subira, kwa sababu kwa ninavyoona mimi antena hulaumiwa kwa makosa ya kebo. Nyumbani kwa shangazi, Tanga, tulishakubaliana kununua antena mpya. Kabla ya kwenda dukani nikakata kipande cha kebo pale inapoingia dirishani, kama urefu wa kiganja, nikakichana kwa kisu. Nyuzi za shaba zinazozunguka kiini zilikuwa zimegeuka kijani kibichi kama mwani, na nilipoikunja ile kebo likadondoka tone la maji. Shangazi akauliza, "Mwanangu, mvua imeingiaje humo na plastiki haijatoboka?" Ilikuwa imeingilia juu, kwenye maungio ya antena, ikatambaa ndani ya kebo mpaka chini. Antena yenyewe haikuwa na kosa. Tulibadilisha kebo na vichwa vyake, basi.

Pwani jambo hili halikwepeki. Hewa ya chumvi inakula shaba na chuma, na kebo nyeupe ya ndani ikianikwa juani miaka kadhaa hupasuka nyufa ndogo ambazo hutaziona mpaka uikunje. Kebo ya nje iwe nyeusi, ya omu 75, aina ya RG6. Ile bapa yenye nyaya mbili sambamba ni ya omu 300, na haiungwi moja kwa moja kwenye kebo ya duara bila kiboksi cha kubadilishia. Pima njia yote kwa kamba, kutoka mlingotini hadi nyuma ya runinga, uongeze mita mbili au tatu, kisha ununue kipande kimoja kisicho na maungio katikati. Usinunue ndefu kupita mahitaji ukakunja inayobaki nyuma ya kabati: hata RG6 nzuri, ndani ya mita 20 hivi inapoteza karibu nusu ya nguvu ya mawimbi.

Ukifunga vichwa vya kebo, angalia uzi hata mmoja wa nje usiguse kiini. Kosa hili dogo huzima kila kitu, hasa kama antena yako ina busta inayopokea umeme kutoka kwenye king'amuzi kupitia kebo hiyohiyo. Kabla ya kebo kuingia ndani, iache ishuke kidogo chini ya tundu kisha ipande tena, ili maji yadondokee nje.

Kuhusu antena yenyewe, tazama vijiti vyake. Vikiwa virefu, sentimita 70 na kuendelea, ilitengenezwa kwa chaneli za zamani za VHF, yaani masafa ya chini. Matangazo ya dijitali huku kwetu yako UHF, masafa ya juu zaidi, ambako vijiti ni vifupi, kama sentimita 25 hivi. Antena ya UHF iliyonyooka na yenye vijiti vyote bado inafaa hata ikiwa na miaka 20. Fungua tu kiboksi chake cha plastiki uone kutu. Muuzaji atakuonyesha boksi lililoandikwa "antena ya dijitali", lakini antena haijui dijitali wala analojia, inapokea mawimbi tu. Usilipe zaidi kwa ajili ya jina hilo. Na busta usiinunue kabla hujabadilisha kebo mbovu, kwa sababu inakuza uchafu pamoja na mawimbi.

Sasa paa. Hapa naomba usome polepole, maana runinga si kitu cha kufia.

Simama uwanjani, utazame juu kabla ya kuegemeza chochote. Ziko wapi nyaya za umeme? Nyingi zinazopita mitaani hazina plastiki juu yake, na zile za msongo mkubwa zina volti elfu kadhaa. Chukua urefu wa mlingoti pamoja na antena, ongeza nusu yake, na kama kuna waya ndani ya umbali huo, kazi hiyo si yako. Iache mpaka shirika la umeme lije lizime laini, au uhamishe antena upande mwingine wa nyumba. Mlingoti ukianza kuanguka, uachie. Mkono hukimbilia kuudaka wenyewe bila kufikiri, ndiyo maana mwambie kila anayekusaidia jambo hili mkiwa bado chini. Na kama umeangukia nyaya, hakuna kuugusa, hata mtu akiwa ameushikilia, mpaka umeme uzimwe.

Chomoa runinga na king'amuzi kutoka kwenye soketi, si kuzima kwa rimoti. Umewahi kugusa kichwa cha kebo ukahisi kama unang'atwa na sisimizi? Huo ni umeme unaovuja kutoka kwenye vifaa. Kwa kawaida ni mdogo, lakini mtu aliye juu ya ngazi akishtuka anaachia mikono. Ukiwa mkali, mwite fundi umeme kabla ya yote.

Muda mzuri ni asubuhi, umande ukishakauka na bati halijawa kaango. Kwa kipindi cha joto utakuwa na kama saa mbili tu. Usipande upepo wa kusi ukiwa mkali, wala wingu likiwa limefunga. Kama unaweza, maliza kazi kabla ya masika. Ngazi ipite ukingo wa paa kwa karibu mita moja, miguu yake iwe juu ya udongo mgumu, na mtu aishikilie muda wote, asiende kupokea simu. Kwenye bati, kanyaga kwenye mstari wa misumari, ndipo papi, zile mbao zinazobeba bati, zilipo. Katikati ya misumari bati linabonyea na mvua ijayo utaiona sebuleni. Nyumba ya zamani yenye paa la asbesto usiikanyage wala kuitoboa kabisa: linavunjika ghafla, na vumbi lake ni sumu kwa mapafu. Hapo simika mlingoti wa pembeni, ukutani.

Mlingoti ukiwa na kutu karibu na vifungio, ugonge kwa spana. Sauti nzito au magamba yanayodondoka ni dalili kwamba umebaki ganda. Bolti za stenlesi zina bei, lakini pwani ndizo utakazoweza kuzifungua tena baada ya miaka mitano. Mlingoti wa chuma unahitaji pia waya wa eathi, yaani wa kupeleka umeme ardhini, wa shaba, usiopungua milimita 16 za mraba, ulioungwa na eathi ya nyumba. Fundi umeme aufanye. Waya huo hauizuii radi kupiga, kwa hiyo ngurumo zikianza, chomoa na kebo ya antena pia.

Kabla ya kulegeza nati ya kwanza, piga picha ya antena kwa simu, kisha chora mstari kwa kalamu ya wino mzito kwenye mlingoti kuonyesha ilikoelekea. Angalia na za majirani: vijiti vyake vimelala au vimesimama? Yako ilazwe au isimamishwe vivyo hivyo. Upande wenye vijiti vifupi ndio unaotazama mtambo, na ule wenye kijiti kirefu au wavu uwe nyuma. Nimeona nyingi zimefungwa kinyume, wenyewe wakilalamika mwaka mzima.

Mtu mmoja abaki ndani akisoma ile mistari miwili, mkizungumza kwa simu iliyowekwa spika mfukoni. Zungusha kidogo, upana wa vidole viwili, usubiri sekunde tano hivi, kwa kuwa king'amuzi huchelewa kusoma. Fuata ubora, si nguvu. Ukipita kilele rudi nyuma, kaza nati, zungushia maungio tepu ya mpira inayojishika yenyewe, ushuke, uanze kutafuta chaneli upya. Kwa shangazi ubora ulitoka 20 ukafika 85, na taarifa ya habari ya saa mbili usiku tuliitazama wote, yeye akiwa ameshika ile karatasi ya namba za zamani.