Kabla ya kwenda kujifunza kupika mashambani Ufaransa

Chagua mafuta kwanza, shule baadaye. Picha za sufuria za shaba zinafanana kila mahali, lakini utakachojifunza kitategemea mafuta yanayopikiwa pale. Normandy, kaskazini-magharibi, wanapikia siagi na malai. Provence, kusini, ni mafuta ya zeituni. Périgord, upande wa kusini-magharibi, wanatumia mafuta ya bata: paja linapakwa chumvi na kulazwa usiku kucha, asubuhi linapanguswa, kisha linazamishwa kwenye mafuta ya bata juu ya moto mdogo kwa saa kadhaa, mpaka nyama iachie mfupa ukiigusa tu kwa uma.

Kwa anayekula halali, mimi ningemshauri Provence. Ratatouille, chakula cha mboga cha huko, ni mbilingani, zukini, pilipili hoho na nyanya. Wapishi makini hukaanga kila mboga peke yake ndipo waziunganishe, na hapo ndipo darasa lilipo. Hata hivyo mwandikie mwalimu kabla hujalipa. Kumwambia huli nguruwe hakutoshi. Taja mvinyo kwenye mchuzi, vipande vidogo vya nguruwe vinavyotiwa hata kwenye saladi, jelatini kwenye vitamutamu, na namna kuku alivyochinjwa. Usingoje siku ya kwanza, vitu vikiwa vimeshanunuliwa.

Kisha angalia majira, kwa sababu wanapika kilichopo sokoni. Nyanya na mbilingani hunoga Julai hadi Septemba. Jozi za Périgord, zile kokwa ziitwazo walnut kwa Kiingereza, huvunwa kuanzia mwishoni mwa Septemba na Oktoba. Trufo nyeusi, ule uyoga wa chini ya ardhi, ni wa Desemba hadi Februari. Ukienda Februari kwa ajili ya ratatouille, umepoteza nauli.

Mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya anahitaji viza ya Schengen, yaani viza moja ya kuingia nchi nyingi za Ulaya, Ufaransa ikiwemo. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Bima ya matibabu isipungue euro 30,000.

Treni ya kasi kutoka Paris hadi Avignon, mji wa Provence, huchukua muda usiofika saa 3. Kazi ni kutoka stesheni hadi kijijini, maana mabasi ni haba na Jumapili ni shida zaidi. Uliza mapema nani atakupokea. Beba viatu vilivyofunika vidole, visivyoteleza, na daftari ambalo hutalionea uchungu likidondokewa mafuta.

Zawadi ya mwenyeji nayo ina sheria zake. Nyama na vitu vya maziwa kutoka nje ya Umoja wa Ulaya haviruhusiwi kwenye mizigo ya abiria, hata kopo la samli ya mama. Maembe yanadai cheti cha afya ya mimea. Nazi imesamehewa cheti hicho, kwa hiyo beba mbili, umpikie mwenyeji mchuzi wa kwenu jioni moja. Mbuzi ya kukunia ipakie kwenye sanduku linaloingia tumboni mwa ndege, maana kwa meno yake yale inaweza kuzuiwa kwenye mzigo wa mkononi.