Kabla hujanunua zawadi Cartagena, ulizia kwao

Kofia yangu ya kwanza ya Cartagena, Kolombia, niliinunua ufukweni Bocagrande, kwa kijana aliyezibeba kichwani zimepandana kama sufuria, na kwa bei niliyojipongeza nayo hadi usiku. Kesho yake niliisahau dirishani, jua likaipiga asubuhi nzima. Niliporudi, chumba kizima kilinuka beseni jipya. Plastiki tupu! Ilikuwa imechapwa mistari myeusi juu ya rangi ya jani kavu ili ifanane na sombrero vueltiao, kofia ambayo Kolombia iliitungia sheria mwaka 2004 kuitangaza kuwa alama ya utamaduni wa taifa. Aibu ilinizidi kwa sababu nimelelewa na bibi anayesuka ukili. Mjukuu wa msuka ukili, kauziwa plastiki.

Haya ndiyo niliyojifunza baada ya hapo, na ni heri wewe uende nayo.

Kwanza ujue kwamba Cartagena yenyewe haitengenezi sehemu kubwa ya vitu inavyouza. Ni bandari tangu Wahispania walipouanzisha mji mwaka 1533, na kazi ya bandari ni kupokea na kuuza. Ni kama Mji Mkongwe wa Zanzibar: shuka la Kimasai utalikuta kila kichochoro, lakini Mmasai kwao siko hapo. Kofia ya vueltiao ni ya Wazenú, upande wa Tuchín na San Andrés de Sotavento katika mkoa wa Córdoba. Mikoba ya rangi kali ni ya Wawayuu wa La Guajira, kule kaskazini kwenye ukame. Mikoba ya sufu isiyotiwa rangi ni ya Waarhuaco wa milima ya Sierra Nevada de Santa Marta. Bembea za kulalia zinafumwa San Jacinto, na mapambo ya nyuzi za fedha yanatoka Mompox, kando ya mto Magdalena.

Andika majina hayo kwenye simu kabla ya safari, halafu jifunze maswali mawili ya Kihispania: «¿De dónde viene?», yaani kimetoka wapi, na «¿Quién lo tejió?», nani kakisuka. Mwenye kujua mali yake atakutajia kijiji, na wakati mwingine atakwambia ni kazi ya shangazi yake. Asiyejua atajibu «artesanal, artesanal», kazi ya mikono, na ukimwuliza mikono ya nani anakuonyesha rangi nyingine.

Kofia nitaieleza kwa kirefu, kwa sababu Mswahili wa pwani hana sababu ya kudanganywa nayo. Imetengenezwa kama mkeka wetu: unasukwa ukili mrefu mwembamba, kisha unashonwa kwa kuuzungusha kuanzia katikati ya utosi hadi ukingoni. Hata jina lake linatokana na huko kuzungushwa. Badala ya ukindu wanatumia caña flecha, mmea wa jamii ya matete. Wanachukua uti wa jani, wanaukwangua, wanauchana vipande vyembamba. Vyeupe vinaanikwa juani, vyeusi vinapikwa na majani na matope mpaka vishike rangi. Kwa hiyo nyeusi ya kofia halisi iko ndani ya uzi. Igeuze uangalie upande wa ndani: nakshi ile ile lazima uione kule, na mizunguko ya ukili uihisi kwa kidole. Ya kwangu ya Bocagrande ndani ilikuwa laini kama sahani.

Jambo linalowachanganya wengi ni mshono. Wanaona uzi wa cherehani, wanasema ni ya kiwandani. Sivyo. Ukili husukwa kwa mkono, lakini kuushona kwa cherehani ni kawaida siku hizi hata Tuchín kwenyewe.

Bei inakwenda na namba. Utasikia quinciano, diecinueve, veintiuno, veintisiete: 15, 19, 21, 27. Hizo ni jozi za nyuzi zinazosukwa kupata ukili mmoja. Namba ikipanda, nyuzi zinakuwa nyembamba zaidi, kazi inakuwa ndefu zaidi. Ya 15 ni ngumu, ya kuvaa shambani, na ndiyo rahisi kuliko zote. Ya 27 inachukua wiki kadhaa, na ikimalizika inakuwa laini kama kitambaa, unaikunja unaitia mfukoni, ukiitoa inarudi umbo lake. Mchezo wa wauzaji ni kukuuzia 15 kwa bei ya 21. Mwambie akuhesabie mbele yako. Anayeuza kwa haki hahitaji kubembelezwa. Atachukua kijiti cha meno na kuanza kuhesabu. Za plastiki kutoka China mamlaka ya biashara ya Kolombia ilizipiga marufuku mwaka 2013, lakini mimi ni shahidi kwamba hazijaisha.

Mkoba wa Kiwayuu unafumwa kwa kroshia, na siri yake ni idadi ya nyuzi. Uliofumwa kwa uzi mmoja, kwa Kihispania «una hebra», unabana, unasimama wenyewe ukiuweka mezani, na mwanamke aliyeufuma ametumia wiki nyingi. Wa nyuzi mbili humalizika kwa siku chache, ni mzito na unalegea. Si bandia, tatizo ni pale unapolipishwa wa nyuzi mbili kama wa uzi mmoja. Ugeuze ndani nje, tazama kitako: ufumaji uanze kwenye kiduara kidogo katikati na kutanuka bila kiungo. Kitako kilichoshonewa ni cha mashine. Kisha vuta mkanda kwa nguvu kidogo, kwa sababu mikanda ya ovyo hurefuka mpaka mkoba unakupiga magotini. Usiukatae kwa sababu uzi ni wa akriliki, yaani wa kiwandani. Wafumaji wengi wanautumia wenyewe kwa kuwa rangi zake zinang'aa. Ule wa Kiarhuaco ni habari nyingine. Ni sufu ya kondoo, nyeupe, kijivu, kahawia au nyeusi, na ukiunusa utamjua kondoo. Ukiuona wa waridi, mtu ameamua kukuchekesha.

Fedha ya Mompox itazame kwa nyuma. Kazi ya nyuzi ina uwazi pande zote mbili, mwanga unapita. Ya kumiminwa kwenye kalibu ina mgongo uliojaa. Zumaridi sina mengi ya kusema. Jiwe la asili karibu kila mara lina vijimistari na madoa ndani, ambayo wenyewe wanayaita bustani, jardín. Kubwa, safi kabisa na la bei poa ni chupa. Kama huna duka unaloliamini na cheti cha maabara, nunua kahawa.

Sasa kile kilicho cha Cartagena hasa ni vitamu. Chini ya matao ya Portal de los Dulces, kando ya uwanja ambao zamani watumwa waliuzwa, akina mama wamepanga vyupa vya kioo vimejaa peremende za nyumbani. Cocada ni kashata ya nazi, hakuna haja ya kuzunguka. Kuna ya papai, ya nanasi, ya sukari guru. Caballito ni papai bichi lililopikwa na sukari. Alegría ni kidonge cha nafaka ndogo iliyobisishwa, imeshikana kwa asali ya miwa, nazi na anisi. Kabla ya kubeba nyingi uliza zimepikwa lini, maana za nazi zenye majimaji huota ukungu begini. Alegría inavumilia zaidi. Nilipokula ya kwanza nilicheka peke yangu kama mwehu.

Wauzaji wengi wa matunda na vitamu ni wanawake wa San Basilio de Palenque, kijiji kilicho kama kilomita 50 kutoka mjini, kilichoanzishwa na Waafrika waliotoroka utumwa. UNESCO ilikitambua mwaka 2005. Lugha yao ina Kihispania ndani yake, lakini pia maneno ya Kikongo: ng'ombe wanamwita ngombe, mtoto ni moná. Mama mmoja nilimtajia yetu ya Kiswahili, «mwana», «ng'ombe», na yeye akaanza kuwaita wenzake waje wanisikie. Akaniongezea alegría mbili juu ya nilizolipia. Hiyo inaitwa ñapa, nayo ni nyongeza ya sokoni kwetu kabisa: ukishalipa, omba kwa tabasamu. Jihadhari kwenye picha tu. Wale waliovaa magauni ya rangi za bendera na beseni la matunda kichwani hulipwa kwa kupigwa picha, na hiyo ndiyo kazi yao. Patana kwanza, ndipo utoe simu.

Kuhusu fedha, alama ya $ kwenye kibandiko cha bei ni peso, wala si dola, na nukta hutenga maelfu. $80.000 ni peso elfu themanini. Muuzaji akisema «ochenta» anamaanisha hiyo hiyo; elfu inamezwa, kama kwetu mtu anavyosema «kumi» akikusudia elfu kumi. Miaka ya karibuni dola moja imekuwa ikizunguka peso 4,000 hivi, lakini angalia asubuhi ya siku unayotoka. Vunja noti kubwa mapema, kwa sababu mama wa kashata hana chenji ya 100,000. Kupatana bei kupo, ila si kwa mtindo wa Kariakoo wa kuanza na robo. Omba rebaja, punguzo, kidogo, au nunua viwili upunguziwe. Na kama aliyekaa mbele yako ndiye aliyesuka, mimi huwa nanyamaza nalipa.

Uliza pia mapokezini kama leo kuna meli ya watalii bandarini. Ikiwepo, usiende Las Bóvedas, ile safu ya vyumba 23 vya matao kwenye ukuta wa mji iliyogeuzwa maduka, mpaka jioni meli iondoke. Bei na subira vinabadilika vyote viwili. Ukinunua kitu cha thamani dukani, dai ankara ya elektroniki: Kolombia ina utaratibu wa kuwarudishia watalii wageni kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 19, kwa baadhi ya bidhaa zikiwemo kazi za mikono, na unaufuatilia kwa mamlaka ya kodi, DIAN, uwanja wa ndege kabla hujakabidhi begi.

Yako pia ya kuacha kabisa. Bangili na vitana vya carey ni magamba ya ng'amba, kasa yule yule wa pwani yetu, na biashara yake ya kimataifa imekatazwa na CITES, mkataba wa kulinda viumbe walio hatarini kutoweka. Matumbawe meusi na makombe makubwa ya waridi yanaweza kuhitaji vibali usivyokuwa navyo. Vyungu unavyoambiwa vimechimbwa kaburini ama ni vya uongo, ama ni vya kweli na kuvitoa nchini ni kosa. Chai ya majani ya koka inauzwa hadharani kule, lakini ukiibeba hadi kwenu inahesabiwa dawa za kulevya. Ngoma yenye ngozi bado ina manyoya itakukwamisha kwa watu wa karantini. Mzigo wa mtu usiupokee hata akilia. Mwenye pasipoti yetu anapekuliwa vya kutosha bila kuongeza sababu.

Kofia ya pili, ya 19, niliinunua kwa mzee mmoja mtaa wa Getsemaní, akanihesabia jozi zote kwa sauti. Nilirudi nayo kichwani ndani ya ndege, maana ya 19 sikuthubutu kuikunja. Bibi aliivua kichwani kwangu kabla hata ya kunisalimia. Akaipeleka barazani kwenye mwanga, akaigeuza, akapitisha ukucha kwenye ukili mmoja taratibu huku midomo ikihesabu. Alipofika mwisho akauliza aliyeusuka ana umri gani, maana macho yake ni ya mtu kijana.

Hilo sikuwa nimeliuliza.