Gari limegoma? Lisikilize kabla hujashika spana

Mteja akinipigia simu kwamba gari limekataa kuwaka, simuulizi betri ni ya mwaka gani. Namwambia asogeze simu karibu na boneti, na mwenzake apige stata, ile mota inayoigeuza injini. Nikishausikia mlio, nakuwa najua vya kubeba. Wewe mwenyewe unaweza kuusoma, alimradi usiwe na pupa ya kuzungusha ufunguo mara ishirini na kuimaliza hata ile betri iliyobaki.

Anza na taa kubwa. Ziwashe, kisha piga stata huku ukizitazama. Zikififia hadi karibu kuzima, umeme wa kutosha haufiki. Zikibaki kali na injini haigeuki, iache betri kwanza, shuku stata na nyaya zake.

Mlio ninaoitiwa mara nyingi zaidi ni *ta-ta-ta-ta-ta*, wa haraka haraka. Solenoidi, swichi ya sumaku ya stata, inavuta, umeme unaanguka, inaachia, inavuta tena. Wengi wakiusikia hukimbilia duka la betri, na muuzaji hatakukataza. Hapa Mombasa mie naanza na tamino, vile vibanio vya nyaya vinavyoshika vichwa vya betri. Gari linalolala Nyali au Kizingo, upepo wa bahari ukilipiga usiku kucha, huota unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri, na unga huo haupitishi umeme. Fungua upande wa hasi kwanza, na wakati wa kurudisha uwe wa mwisho. Ukianza na chanya, spana ikigusa bodi utaona cheche. Mwagia maji ya moto yenye kijiko cha magadi, sugua kwa msasa mpaka madini ya risasi yang'ae, kaza vizuri, kisha paka vaselini. Kukaza ndiko watu wanakosahau: tamino ikichezacheza kwa mkono, hata ikiwa safi haikufai.

Tazama pia waya wa athi, ule unaotoka kwenye hasi kwenda kwenye bodi na injini. Ukiwa umeliwa na kutu, chukua waya wa kujampia, shika hasi ya betri na upande wa pili ushike chuma kitupu cha injini. Stata ikipata nguvu ghafla, mwizi umemkamata.

Bado? Sasa ndiyo zamu ya mita. Gari likiwa limepumzika, betri iliyojaa husoma takriban volti 12.6. Ikisoma 12.0 imekwisha. Wakati wa kupiga stata isishuke chini ya 9.6 hivi, na injini ikiwaka ipande kati ya 13.8 na 14.5. Isipopanda, alterneta (jenereta ya gari) haichaji, au mkanda wake unateleza, na hata betri mpya utaizika baada ya siku chache. Joto letu hili huzichosha betri mapema. Halafu yuko yule anayezima injini kwenye foleni ya feri Likoni na kuacha redio, taa na feni zikila umeme, feri ikifika anashangaa.

*Tak!* moja, nzito, kisha kimya, na taa ni kali: hiyo ni stata. Kwenye stata nyingi za Toyota, ndani ya solenoidi kuna vipande viwili vya shaba ambavyo huliwa taratibu, na mara nyingi kimoja huisha kabla ya mwenziwe. Hubadilishwa vyenyewe. Fundi akisema lazima stata nzima, mwambie aifungue mbele yako. Ukiwa umekwama njiani, mtu azungushe ufunguo nawe ugonge mwili wa stata polepole kwa mpini wa spana ya gurudumu. Gonga kwa adabu, kwani baadhi zina sumaku ndani na hupasuka. Ikiwaka, nenda moja kwa moja gereji, kesho haitakusikiliza.

Kimya kabisa, hata *tak* hakuna? Gari la otomatiki, litoe kwenye P ulitie N ujaribu. Alama ya ufunguo ikimetameta kwenye dashibodi, gari halijautambua ufunguo wako. Ukishapita hapo angalia fyuzi na rilei ya stata, yaani swichi yake ndogo ya umeme.

*Wiiii* bila injini kugeuka ni bendiksi, ile gia ndogo ya stata, isiyoshika. *Krrrr* ya chuma kusagana ni meno, ya bendiksi au ya flaiwili, gurudumu la injini linalogeuzwa na stata, na kila ukirudia unayamaliza zaidi. Acha.

Injini ikizunguka vizuri lakini haishiki, tafuta petroli na moto wa plagi. Sikiliza pampu chini ya kiti cha nyuma, lakini jua kwamba Toyota nyingi za zamani pampu hailii mpaka stata ipigwe, kwa hivyo utahitaji msaidizi. Ikizunguka upesi na kwa wepesi usio wa kawaida, bila ule mdundo wake, huenda taimingi belti, mkanda unaoendesha valvu, imekatika. Usiendelee, valvu zinaweza kugonga pistoni. Probox na Vitz zenye injini ya 1NZ zina cheni, hofu ya belti iondoe.

Na wakati wa masika, ukishapita kwenye maji mengi gari likazima, ukapiga stata ukasikia *dup!* kisha injini imekakamaa, ondoa mkono kwenye ufunguo. Maji yakiingia kwenye silinda hayashindiliki, na ukilazimisha utapinda konrodi, mkono unaoshika pistoni. Usikubali pia vijana walisukume likiwa kwenye gia. Injini ya petroli, ng'oa plagi zote na boksi la filta ya hewa ulifungue, kisha piga stata kidogo kidogo, maji yaruke nje. Simama kando, usiinamie matundu. Chomoa kijiti cha oili: ikiwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, imwage yote, utie mpya na ubadilishe filta kabla hujarudisha plagi.