Namna ya Kuwaonyesha Wanafunzi Jinsi Ubongo Unavyohusisha Maneno

Mwalimu anayetaka wanafunzi wake waone jinsi ubongo unavyohusisha neno na neno hahitaji mashine. Karatasi, kalamu na orodha moja iliyotungwa kwa uangalifu vinatosha. Msingi wa jaribio hili, ambalo huwafanya watu wakumbuke neno wasilolisikia, uliwekwa na mwanasaikolojia James Deese mwaka 1959, nao wanasaikolojia Henry Roediger na Kathleen McDermott wakalifufua mwaka 1995 huko Marekani.

Chagua kwanza neno ambalo hutalitamka kabisa, tuseme "usingizi". Waulize watu wasioshiriki ni maneno gani yanayowajia upesi wanapolisikia, kisha uteue 12 yaliyojirudia zaidi, kwa mfano: kitanda, godoro, mto, shuka, ndoto, usiku, uchovu, miayo, kukoroma, kuamka, kupumzika, chandarua. Orodha hizi hazifai kutafsiriwa tu, kwani chandarua hakimo katika ile ya Wamarekani, ilhali kwa mtu wa Tanga au Mombasa ni sehemu ya kulala. Mpangilio nao una uzito: "mto" likitangulia, huenda msikilizaji akawaza maji yanayotiririka, lakini likifuata "godoro" halina utata. Ondoa pia "kusinzia", kwa sababu linafanana na "usingizi" kwa sauti, na hutajua kama kilichofanya kazi ni maana au mlio.

Soma maneno kwa sauti tulivu, ukiacha takriban sekunde moja na nusu kati ya neno na neno. Wape wanafunzi hesabu za kutoa kwa dakika 2, kisha waandike maneno wanayoyakumbuka, kila mmoja peke yake na bila kubahatisha. Sharti hili la kutobahatisha lisisitizwe, maana bila hilo matokeo hayana thamani.

Mara nyingi wapo watakaoandika "usingizi", na baadhi wataapa kwamba walilisikia. Katika majaribio mawili ya mwaka 1995, neno lisilotajwa lilikumbukwa kwa asilimia 40 na 55. Ili kuwatenga wanaobahatisha, hesabu pia maneno mengine ya nje ya orodha yaliyoandikwa: aliyeandika "usingizi" pamoja na "kijiko" hathibitishi lolote.

Unapofafanua, eleza kwamba, kwa maelezo yanayokubaliwa na wengi, kila neno linaposikika huamsha pia maneno jirani yake, na neno lililoamshwa mara 12 huacha alama inayofanana na ya lililosikika. Maabara huona uhusiano huo kwa elektrodi, yaani vipande vidogo vya kupimia umeme vinavyobandikwa kichwani: mwaka 1980 watafiti Marta Kutas na Steven Hillyard walionyesha kwamba sentensi ikiishia kwa neno lisiloafikiana na yaliyotangulia, wimbi la umeme wa ubongo huzama kuelekea hasi, na hufikia kilele takriban milisekunde 400 baada ya neno hilo kuonekana.

Ukitaka kurudia na darasa lilelile, tunga orodha nyingine na uwaonye mapema kuhusu mtego. Makosa yatapungua, ila hayataisha.