Kunoa kisu cha randa na patasi nyumbani kwa kioo na msasa wa maji

Randa mpya ikitoka dukani, kisu chake kimesagwa tu, hakijanolewa. Mikwaruzo ya jiwe la kiwandani ipo pande zote mbili, na kila mkwaruzo unaofika ukingoni unaacha pengo dogo kwenye makali. Anayeanza huijaribu hivyohivyo kwenye ubao wa mninga, inarukaruka na kuchimba, kisha anasema mbao ni ngumu. Mninga hauna kosa.

Makali ni mstari ambapo pande mbili za chuma hukutana: upande wa mshazari na upande bapa. Wengi hunoa mshazari tu. Upande bapa ukibaki na mikwaruzo, makali hayatakuja hata ukinoa mshazari kutwa nzima.

Vifaa

Tafuta kipande cha kioo chenye unene wa milimita 6 au zaidi, upana wa sentimita 15 na urefu wa 30 hivi. Mafundi wa madirisha ya alumini huwa na mabaki. Nunua msasa wa maji namba 220, 400, 1000 na 2000; unapatikana kwenye maduka ya rangi za magari. Ongeza maji yenye tone la sabuni, kipande cha ngozi ya mkanda kilichogundishwa kwenye ubao ulionyooka, kitambaa kikavu na mafuta ya cherehani.

Lowesha kioo, laza msasa juu yake, kisha ubane maji kwa kiganja kutoka katikati kwenda nje. Utashika wenyewe bila gundi. Kioo nacho kilale kwenye meza isiyoyumba, maana kikipinda, kisu kinapinda nacho.

Hatua ya 1: Nyoosha upande bapa

Fungua skrubu inayoshikilia bati la juu, yaani kile chuma kinacholala juu ya kisu cha randa, utoe kisu peke yake. Paka wino wa maka peni kwenye sentimita 2 za mwisho karibu na makali. Zisizidi hapo, sehemu iliyobaki haikati kitu. Laza kisu bapa kabisa kwenye namba 220, ukandamize kwa vidole viwili karibu na makali, usugue kwenda na kurudi. Wino utafutika kwanza pale palipoinuka. Endelea mpaka uishe wote, hasa kwenye pembe mbili za ukingoni, kisha pitia 400, 1000 na 2000. Usihamie namba ya juu kabla mikwaruzo ya namba iliyotangulia haijaisha. Ukiiacha, msasa laini hautaiondoa.

Kisu kikiinuka hata kidogo upande wa mkia, ukingo unaviringika na kazi yote inaharibika. Hatua hii ni ndefu, lakini hufanywa mara moja tu kwa kila kisu.

Hatua ya 2: Pembe ya mshazari

Kwa randa na patasi za kawaida tumia digrii 30. Huhitaji kipimapembe: kwa digrii 30, urefu wa mshazari ni mara 2 kamili ya unene wa chuma. Patasi ya unene wa milimita 3 iwe na mshazari wa milimita 6. Patasi ya kukwangulia kwa mkono tu, bila nyundo, inaweza kushuka hadi digrii 25, yaani mshazari wa milimita 7 hivi. Ile ya kuchimbia matundu ya ndimi, yaani matundu ya kuungia mbao, isishuke chini ya 30, kwa sababu ukingo mwembamba humeguka ukigongwa.

Kaza kisu kwenye kibanio chenye gurudumu, kinachoshikilia pembe isibadilike, ukiwa nacho. Bila kibanio, bana viwiko mbavuni na usogeze mwili mzima, mikono isicheze. Kwenye msasa vuta kuja kwako tu. Ukisukuma mbele, makali yatachana karatasi.

Kama kisu kimepigwa mapengo makubwa na unatumia mashine ya kusagia, gusa kidogo kisha chovya kwenye maji, tena na tena. Chuma cha kaboni kikigeuka bluu ukingoni kimeungua: ugumu wake umekwenda, na lazima sehemu hiyo yote isagwe mpaka iishe.

Hatua ya 3: Kikunjo

Ukisugua mshazari kwenye 400, utepe mwembamba sana wa chuma hujikunja upande bapa. Upapase kwa kidole kutoka mgongoni kuelekea nje ya makali, kamwe si kwa kufuata urefu wa ukingo. Kikunjo kikisikika upana wote, umefika makalini. Kikikosekana upande mmoja, hapo bado. Kuhamia namba 1000 sasa ni kupoteza msasa.

Pitia 1000 na 2000. Kisha geuza kisu, laza upande bapa kwenye 2000 na usugue kidogo kuondoa kikunjo. Malizia kwenye ngozi, kila upande mara kumi hivi, ukivuta kwa kurudi nyuma tu.

Jaribio zuri ni kichwa cha mbao laini kama paini, pale palipokatwa na msumeno kukingama nyuzi. Patasi kali huacha uso laini unaong'aa. Butu huponda nyuzi, na pale panabaki weupe wenye vumbi.

Hatua ya 4: Rudisha kwenye randa

Bati la juu likae milimita 1 nyuma ya makali. Kwa mninga au mvule, ambao nyuzi zao hupishana, lisogeze hadi chini ya nusu milimita ili mbao isichanike. Kabla ya kukaza, tazama dhidi ya mwanga: ukiona upenyo kati ya bati na kisu, maranda yataingia humo na randa itaziba. Sugua ncha ya bati kwenye msasa 400 mpaka ikae sawasawa.

Jaribu kwenye kibao chembamba, upande wa kushoto wa mdomo wa randa kisha wa kulia. Maranda yakiwa mazito upande mmoja, sogeza mkono wa kurekebishia. Kwa randa ya mbao yenye kabari, gonga kisu taratibu kukishusha, na gonga kisigino cha randa kukirudisha.

Yanayojitokeza

Mstari mwembamba ulioinuka juu ya ubao ni pengo kwenye makali. Randa ikitetemeka, kaza bati, kisha punguza kina. Ubao ukichanika, geuza uelekeo kwanza.

Mvule una mawe ndani yake, vidonge vya chokaa vinavyomegua makali mazuri ghafla. Ukiona doa jeupe gumu, lichimbe kwa patasi kuukuu kabla ya kupitisha randa.

Noa tena mara unapoanza kusukuma kwa nguvu zaidi. 1000, 2000 na ngozi vinatosha. Kausha kila chuma na upake mafuta ya cherehani siku hiyohiyo, hasa kwa walio pwani, ambako kutu huanza usiku mmoja tu.