Jinsi ya kusoma juzuu za mwisho za Basara

Manga (hadithi ya katuni ya Kijapani) ya Basara ya Yumi Tamura ina juzuu 27, lakini kisa cha Sarasa, mhusika mkuu, kinaishia juzuu ya 25. Ya 26 na ya 27 ni hadithi za pembeni. Wengi huruka hadi ya 27 wakitafuta tamati, wanaambulia patupu, na utamu umeshaharibika.

Maliza ya 25, pumzika siku kadhaa, ndipo ufungue ya 26. Shika kitabu kama msahafu, mgongo ukiwa kulia. Anza picha ya juu kulia, nenda kushoto, kisha shuka. Viputo vya maneno hufuata njia hiyohiyo.

Ukinunua, kagua toleo: matoleo ya vitabu vya umbo dogo yamegawanywa upya, namba za juzuu hazilingani na hizi.